M9.3 au X9.3: uanze na tetemeko lipi la Jua?

Tarehe 6 Septemba 2017, saa tisa na dakika mbili alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, Jua lilipata mlipuko wa daraja la X9.3. Katika mzunguko mzima wa 24 wa Jua, yaani kimojawapo cha vipindi vya miaka kama 11 vya Jua kuchangamka na kutulia, hakuna mwingine uliofikia huo. Redio za masafa mafupi zilivurugika upande wote wa Dunia uliokuwa na mchana, Afrika ikiwemo. Miaka sita nyuma, tarehe 30 Julai 2011, saa kumi na moja na dakika tisa alfajiri, wengi wetu tukiwa bado kitandani, ulikuwa umetokea mwingine wa M9.3. Tarakimu ni zilezile, herufi ndiyo imebadilika. Kwenye kipimo cha eksirei kinachotumika kupanga milipuko hii, kutoka M kwenda X ni mara kumi.

Yote miwili ililitikisa Jua, yaani ilipeleka mawimbi ya sauti ndani yake, na mawimbi hayo yakarudi juu na kuonekana kama maduara yanayotanuka usoni. Mwanafunzi wa fizikia anayetaka kuliona tetemeko la Jua kwa macho yake, kwenye kompyuta yake mwenyewe, ana data ya matukio yote mawili bure. Karibu kila ninayemweleza habari hii anataka kuanza na lile kubwa. Mimi humwambia aanze na dogo. Na kuna la tatu, la mwaka 1996, ambalo silishauri kwa kazi ya mikono lakini darasani sioni linaloweza kulishinda.

Kinachotikisika ni nini

Mlipuko wa Jua huanzia juu, kwenye korona (tabaka la nje la hewa ya Jua), pale uga wa sumaku uliojisokota unapokatika na kujiunga upya kwa umbo jingine. Nishati inayotoka huko huenda zaidi kwenye mwanga, joto na chembe zinazorushwa. Sehemu ndogo sana, chini ya moja ya elfu, ndiyo inayoishia kuwa tetemeko. Lakini moja ya elfu ya mlipuko wa Jua bado ni kitu kikubwa mno.

Pigo likishaufikia uso unaoonekana, yaani fotosfia, wimbi linazama. Jua halina mwamba, ni plazima tupu, yaani gesi ya moto yenye chaji za umeme, kwa hiyo kinachosafiri humo ni sauti: gesi kubanwa na kuachiwa. Kadiri wimbi linavyoshuka linakuta joto kali zaidi, na sauti hukimbia zaidi penye joto. Basi upande wa chini wa wimbi unautangulia upande wa juu, wimbi zima linapinda kidogo kidogo, mwisho linageuka na kupanda. Linapofika juu linauinua uso wa Jua. Ndiyo maana baada ya pigo kuna kusubiri: dakika kama 20 hivi unatazama uso ambao haujaonyesha chochote, kisha duara linajitokeza mbali na pale palipopigwa.

Kinachowashangaza watu ni kwamba duara hilo linaongeza kasi. Tupa jiwe kwenye karo la maji: duara litatanuka kwa mwendo uleule mpaka lifike ukingoni. Kwenye Jua haliendi hivyo. Fikiria watu wawili wametoka kijiji kimoja. Mmoja anakwenda kijiji cha jirani kwa njia ya miguu. Wa pili anashuka hadi barabara kuu, anapanda basi, anateremka mbali zaidi na kupanda tena kijijini. Wa pili amezunguka, lakini ukigawanya umbali wa vijiji kwa muda aliotumia utasema ana kasi kubwa. Wimbi linaloibuka karibu limepita juujuu. Linaloibuka mbali limezama hadi kwenye tabaka za moto, ambako sauti ni ya kasi. Macho yetu yanayaunganisha yote na kuona duara moja linalochapuka.

Haya yote yalifikiriwa kabla hayajaonekana. Mwaka 1972 Charles Wolff aliandika kwamba milipuko mikubwa inapaswa kuamsha mitetemo ndani ya Jua. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini kupata chombo cha kulithibitisha hilo.

La 9 Julai 1996: la kusimulia

Chombo hicho ni SOHO, cha mashirika ya anga ya Ulaya na Marekani, kilichorushwa tarehe 2 Desemba 1995 na kuwekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa Jua. Ndani yake kulikuwa na kifaa cha MDI, kilichopima dakika kwa dakika jinsi kila kipande cha uso wa Jua kinavyopanda na kushuka. Kipimo ni athari ya Doppler: gesi inayokuja kwetu mwanga wake husogea kidogo upande wa bluu, inayokwenda chini husogea upande wa nyekundu.

Tarehe 9 Julai 1996, Jua likiwa limetulia karibu na kipindi cha chini kabisa cha mzunguko wake, ulitokea mlipuko wa X2.6. Alexander Kosovichev wa Stanford na Valentina Zharkova wa Glasgow walipoichambua data waliona maduara. Walitangaza Mei 1998, na takwimu zao ndizo ninazowapa wanafunzi mpaka leo: mawimbi ya kimo cha kilomita 3, yaliyoanza na kasi ya takriban kilomita 35,000 kwa saa na kufikia 400,000 kwa saa, yakaenda kilomita 120,000 hivi ndani ya saa moja, karibu kipenyo cha Dunia mara kumi, kabla ya kumezwa na msukosuko wa kawaida wa uso. Nishati yake ililinganishwa na tetemeko la ardhi la ukubwa wa 11.3, mara 40,000 ya lile lililoibomoa San Francisco mwaka 1906. Mwezi uliofuata baada ya tangazo, Juni 1998, mawasiliano na SOHO yalikatika, na wahandisi wakahangaika kwa miezi mpaka wakakirudisha kazini. Ilikuwa ni bahati kwamba data ile ilikuwa imeshashuka.

Kwa nini basi nisikwambie uanze na hili? Kwa sababu ya kifaa. Picha kamili ya MDI ni pikseli 1024 kwa 1024, ambapo pikseli moja inafunika karibu kilomita 1,450 za uso wa Jua, na picha huja kila dakika moja. HMI, kifaa kilichoichukua kazi hiyo kwenye chombo cha SDO kilichorushwa Februari 2010, kinatoa pikseli 4096 kwa 4096, kilomita 360 hivi kwa kila pikseli, kila sekunde 45. Ukishaiona HMI, kurudi MDI ni kama kuvua miwani. Kwa mwalimu anayetaka kueleza hadithi kwa picha zilizokwisha kutengenezwa, chukua la 1996 bila kusita: mlipuko mmoja, maduara yanayosomeka, majina mawili, namba zinazokumbukika. Kwa anayetaka kuchambua mwenyewe, data hiyo itamkatisha tamaa.

X9.3: kubwa, na gumu kulisoma

Mlipuko wa Septemba 2017 ulitoka kwenye kundi la madoa meusi ya Jua lenye namba 12673, kundi lililokua haraka ajabu katika siku chache. Siku hiyohiyo, saa sita na dakika kumi mchana kwa saa zetu, kundi hilo lilikuwa limeshatoa mlipuko wa X2.2. Karibu saa tatu baadaye likatoa ule mkubwa. Kwa hiyo unaingia kwenye uwanja ambao tayari umevurugwa.

Na mlipuko wenyewe haukutoa wimbi moja. Ulitoa kadhaa, kutoka sehemu zaidi ya moja, nayo yanapishana. Kwa mtaalamu hilo ndilo tamu lenyewe. Katika data hii ilionekana kwamba mapigo ya kwanza kwenye fotosfia yalianza kabla ya eksirei kali kugunduliwa, na mahali pake palikuwa karibu na mstari ambapo sumaku ya kaskazini inakutana na ya kusini. Hilo ni jambo zito, nitalirudia. Lakini kwa mtu wa mara ya kwanza, mawimbi yanayopishana ni kama kusikiliza watu watano wanaoongea kwa pamoja katika lugha ambayo ndiyo kwanza unajifunza.

Kuna tatizo jingine. HMI inapima kasi kwa kutazama mstari mmoja mwembamba mweusi ambao atomi za chuma huuacha kwenye mwanga wa Jua. Mlipuko mkali unapoupasha moto uso, umbo la mstari huo linaharibika, na kasi inayosomwa pale kitovuni inaweza kuwa uongo. Mgeni anaona doa jeupe linalong'aa kwenye picha, anafurahi kwamba amelipata pigo, kumbe ni kipimo kilichochanganyikiwa. Mlipuko ukiwa mkali zaidi, mtego huo nao ni mkubwa zaidi.

Ukubwa wa herufi haukuhakikishii kitu. Ivan Sharykin na Kosovichev walipopitia milipuko ya mzunguko wa 24 kuanzia daraja la M1 kwenda juu, 507 kwa jumla, walipata matetemeko 94. Mingine mikubwa haikutoa kitu. Na tarehe 17 Februari 2013 mlipuko wa C7.0, daraja lililo chini ya M, ulitoa tetemeko lake vizuri tu.

M9.3: dogo lenye siri chini yake

Sasa lile la alfajiri. Mlipuko wa 30 Julai 2011 ulikuwa wa ghafla: ulipanda na kushuka ndani ya dakika chache, na mawimbi yake ni makali, membamba, yamekaribiana. Mtu ambaye hajawahi kuliona tetemeko la Jua, ukimwonyesha filamu ya hili iliyochujwa vizuri, atanyoosha kidole mwenyewe kabla hujamwambia pa kutazama. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kulichagua.

Ya pili ni kile kilichogunduliwa baadaye. Uso wa Jua unatetemeka wakati wote. Robert Leighton alionyesha mapema miaka ya 1960 kwamba unapanda na kushuka kila dakika tano hivi, karibu milihezi 3 (mitetemo 3 kwa kila sekunde elfu moja). Kelele hiyo inaweza kulifunika tetemeko, kwa hiyo watafiti hupandisha kichujio, yaani hesabu inayobakisha mitetemo ya masafa fulani tu, hadi milihezi 5 au 6, ambako kelele imepungua. Katika lile la Julai 2011, kikundi cha Charles Lindsey na Juan Carlos Martínez Oliveros kilipanda zaidi, hadi milihezi 10, yaani wimbi moja kila sekunde 100. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo unavyoweza kusema kwa uhakika zaidi limetoka wapi. Matokeo yao ya mwaka 2020 yalisema kwamba chanzo hakikuwa usoni. Kilikuwa chini ya fotosfia kwa zaidi ya kilomita 1,000.

Hapo ndipo maelezo yaliyozoeleka yanapobanwa. Kwa miaka mingi tumekuwa na njia tatu za kueleza pigo, na zote zinatoka juu. Ya kwanza ni elektroni zinazoshuka kwa kasi kutoka korona, zinaipasha moto ghafla kromosfia, tabaka lililo kati ya fotosfia na korona, nayo inarusha wimbi la mshtuko kuelekea chini. Maelezo haya yana nguvu kwa sababu mara nyingi chanzo cha tetemeko kinaangukia palepale eksirei kali zinapotoka, na kwa wakati uleule. Udhaifu wake ni kwamba elektroni hizo husimama juu, hazifiki fotosfia, na mshtuko hupoteza nguvu nyingi njiani. Tena lile la X9.3, ambapo uso uliguswa kabla ya eksirei kali, linayatia maelezo haya mashakani.

Ya pili ni mwanga: kromosfia iliyopashwa moto inaangaza kuelekea chini, fotosfia inapata joto la ghafla na kusukuma. Hii inalingana na matetemeko mengi ambayo chanzo chake ni palepale panapong'aa kwa mwanga mweupe. Lakini kuna milipuko yenye mwanga mweupe isiyotoa tetemeko.

Ya tatu ni sumaku yenyewe. Uga unapojipanga upya, nyuzi zake zinavutika na kuusukuma uso. Hugh Hudson, George Fisher na Brian Welsch walipiga hesabu mwaka 2008 wakaona nguvu hiyo inatosha. Inayofanana nayo ni ya mlipuko wa X2.2 wa 15 Februari 2011, ambapo vyanzo vya tetemeko vilionekana kwenye miguu ya kamba ya sumaku iliyokuwa ikinyanyuka, eksirei kali zikiwa hafifu hapo.

Ukiniuliza leo, kati ya hizo tatu naiamini zaidi ya sumaku, kwa sababu mabadiliko ya uga yanafika fotosfia bila kulazimika kupenya gesi nzito. Lakini hakuna hata moja inayoeleza kwa urahisi chanzo kilicho kilomita 1,000 chini. Mojawapo ya mawazo ni kwamba kinachotoka juu ni cheche tu, na nishati yenyewe ilikuwa imeshahifadhiwa huko chini ikingoja kuguswa. Ikiwa hivyo, tumekuwa tukitafuta nyundo wakati tulipaswa kutafuta baruti. Hilo linanisisimua kuliko kilomita 400,000 kwa saa, na lilitoka kwenye mlipuko wa M.

Ukishachagua, utazame vipi

Njia ni tatu, na hazilingani kwa ugumu. Filamu ya tofauti ndiyo ya kuanzia: unatoa picha moja kwenye inayofuata, mzunguko wa Jua na mambo mengine yanayobadilika polepole yanajifuta, kinachobaki ni kilichobadilika ghafla. Mchoro wa muda na umbali unafuata: unapima wastani kuzunguka kitovu, umbali kwenye mhimili mmoja na muda kwenye mwingine. Tetemeko hujitokeza kama mstari unaopinda, na mpindo huo ndio ule wa kuongeza kasi tuliouona juu. Holografia, inayorudisha mawimbi nyuma kwa hesabu hadi yalikotoka, iache mpaka upate wa kukuongoza. Ndiyo iliyotoa jibu la kilomita 1,000, lakini pia ndiyo inayoweza kukuonyesha chanzo kisichokuwepo ukikosea kidogo.

Data ya HMI inapatikana kwenye hifadhi ya JSOC, Stanford. Unajiandikisha kwa barua pepe, hulipi. Tafadhali usipakue picha za Jua zima. Mimi mara ya kwanza nilifanya hivyo, na bando la wiki likaisha kabla sijafika hata nusu saa ya tukio. Hifadhi hiyo inakuruhusu kukata kipande na kukifuata kadiri Jua linavyozunguka. Kata pikseli 256 kwa 256, ambazo ni kama kilomita 90,000 kila upande. Chukua saa mbili, kuanzia dakika 30 kabla ya kilele. Hizo ni picha 160, na hata zisipobanwa hazizidi megabaiti 45 kwa jumla. Kwa lugha ya programu ya Python kuna SunPy, maktaba huru inayosoma faili hizi bila shida, na laptopu ya kawaida inatosha.

Ukiicheza filamu, mwanzo utaona punje za kijivu zinazochemka kama uji. Kwenye picha za karibu na kilele, punje chache katikati ya madoa zitabadilika rangi ghafla, nyeusi kabisa au nyeupe kabisa. Andika namba ya picha hiyo. Kisha hesabu picha 25 mbele, usiziruke, zitazame moja moja. Chujio liwe kati ya milihezi 5 na 7 kwa mara ya kwanza. Utakachokitafuta si duara kamili. Mara nyingi ni tao, upande mmoja ukionekana zaidi ya mwingine, uzi mweusi ukifuatwa na mweupe kisha mweusi tena, likiondoka kwenye madoa kuelekea uso mtulivu. Macho hulipoteza kwenye picha iliyosimama na kulipata tena filamu inapotembea, kwa hiyo irudie mara tano, sita.

Likishakukaa machoni, pandisha kichujio hadi milihezi 9 au 10 na uicheze upya kuanzia ile picha uliyoiandika.